Wagonjwa wa Ukaguzi

"Kohoeni, lakini msipitilize," Nesi Upendo aliwaambia wagonjwa wake, akinyoosha shuka mpya zenye mikunjo ya dukani.

Kituo kile binafsi cha Ruhembe kilikuwa kinaomba ithibati ya bima ya afya, na wadi tupu ingewatia wakaguzi shaka. Ndiyo maana asubuhi Deo, dereva wa kituo, alitumwa Malolo kuleta watu wenye afya zao, walale vitandani mpaka mchana.

Waliigiza vizuri. Ila mzee wa kitanda cha dirishani alizidisha. Alijilaza pale kabla hata hajapangiwa, hakutaniana na wenzake, na sasa alikuwa akitweta, jasho likimchuruzika shingoni.

"Mwanangu, kifua," alinong'ona, akimshika Upendo mkono. "Hewa sipati."

"Punguza, baba. Watatushtukia."

Vidole vya mzee vilikuwa vya baridi. Upendo alivibandua taratibu, akajaza fomu: presha kawaida, mapigo kawaida. Hakupima. Mtu mwenye afya yake anapimwa nini? Kando ya kitanda ulisimama mtungi wa oksijeni, wa kuazima kwa siku ile moja. Mganga mkuu alikuwa amekataza usiguswe.

Wakaguzi wakaingia. Kiongozi wao, Bi Yusrah, alisoma faili moja moja mpaka akafika dirishani. Mzee alimkodolea macho. Midomo ikacheza, sauti isitoke.

"Huyu je?"

"Nimonia, mama. Anaendelea vizuri."

"Mnampima kila saa?"

"Kila saa."

Bi Yusrah akaweka alama ya vema, akasogea. Upendo alipogeuka nyuma, mzee alikuwa amefumba macho, ametulia tuli. Akashukuru moyoni kwamba hatimaye amesikia.

Saa saba gari la wakaguzi lilishika njia ya Mikumi. Kituo kimepita! Mganga mkuu alipiga makofi, na watu wakatupa shuka, wakacheka, wakaanza kutafuta viatu vyao chini ya vitanda.

"Mwamshe na yule wa dirishani," Upendo alimwambia Deo. "Kawashinda wote kwa kuigiza."

Deo alikitazama kitanda kile. Akawahesabu watu wake kwa kidole, akarudia tena kuanzia mwanzo.

"Nesi," alisema, "wangu wote hawa hapa. Yule sikumleta mimi."