Mbao Katikati ya Viti

"Sasa, papa, unipigilie mbao hapa, katikati ya hizi kiti mbili," alisema Casimir. "Ifike mpaka kwenye bega."

Isidore aliitazama nafasi aliyoonyeshwa. Alikuwa fundi wa magari hapo Baraka kwa miaka ishirini na sita, na watu walikwisha kumwomba mengi ya ajabu, lakini hili halikuwamo.

"Mbao ya nini?"

"Ya heshima, papa." Kijana akacheka kidogo, macho kwenye viatu vyake.

Gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Gari la mashindano la zamani, jekundu, la watu wawili tu, umri wake mkubwa kuliko wa Casimir. Mmiliki wa kwanza, huko Bujumbura, alilishusha mpaka tumbo likakaribia kugusa udongo, akalitia springi ngumu na bomba la moshi la kuamsha mtaa mzima. Casimir alilinunua kwa mapenzi, kisha mapenzi hayo yakakutana na barabara mbovu ya kupanda mlimani Fizi. Sasa alitaka liinuliwe, lilainishwe, linyamazishwe, litiwe turubai la mvua. Liwe gari la matembezi ya Jumapili.

"Na kiti ya kuume uishushe kidogo. Iko mama moja, mguu yake haikunjike vizuri. Moto, hizi pikipiki za taxi, hawezi kupanda."

Isidore alikipima kiti kwa macho. Mguu wa namna hiyo alikuwa nao nyumbani kwake. Mke wake, Anastasie, alianguka bandarini mwaka juzi akaumia nyonga, na tangu siku hiyo pikipiki alikuwa akiiangalia tu.

Miezi miwili sasa, kila Jumapili baada ya ibada, Anastasie alipotea mpaka jioni. Maombi ya bamama, alisema. Alirudi na vumbi jekundu la mlimani kwenye pindo la kitenge, ameshika nyonga kwa maumivu, lakini uso umechangamka. Na huyu ndiye mwanamke ambaye hakuwa amecheka tangu Isidore alipomfukuza Fanny, binti yao wa pekee, kwa ajili ya mimba; jina la aliyempa mimba hiyo Isidore hakutaka hata kutajiwa. Watu walisema Fanny yuko Kalemie. Isidore hakuuliza zaidi.

Siku ya Alhamisi alipong'oa kiti cha kuume, alikuta chini yake kitambaa cha kichwa. Pindo lilishonwa kwa mkono, kwa uzi mwekundu. Alikinusa, akasikia ile dawa ambayo Anastasie hupaka nyonga.

Jioni aliuliza kama mtu asiyejali. "Kile kitambaa yako ya uzi mwekundu iko wapi?"

"Nilipoteza ku soko, Papa Fanny."

"Usiniite vile."

Anastasie akainamia mbabula, akapuliza makaa yaliyokuwa yamekwisha kushika moto. Usiku ule Isidore hakulala kwa wivu.

Ijumaa Casimir alipokuja kuona kazi ilipofika, Isidore alimkaribisha ugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani, apate kumchunguza vizuri. Kijana alikataa kula mbele yake. Akaenda kusimama uani mpaka sahani ikaondolewa. Dhamiri inamtafuna, Isidore aliwaza, na roho yake ikazidi kuwa nyeusi.

Jumapili asubuhi Dorothée, mama mkwe wake, alifika kwa mtumbwi kutoka Ubwari. Isidore alipoisikia sauti yake mlangoni alitoka kwa nyuma, kama siku zote, akaugeukia ukuta mpaka mama akapita na kuingia ndani. Miaka thelathini ya ndoa, na hakuwahi kumtazama usoni, wala kula mbele yake, wala kukaa naye benchi moja. Ndivyo alivyolelewa kuwaheshimu wakwe. Leo alifurahi kwamba amekuja.

"Unabaki na mama yako," alimwambia Anastasie kupitia dirishani. "Leo hakuna maombi."

"Ndiyo."

Alikwenda karakana. Akaipigilia mbao ile, akaipiga msasa ili isimchome mtu. Kisha akalala chini ya gari, akalegeza nati ya bomba la breki. Nusu mzunguko, halafu robo nyingine. Kwenye tambarare pedali ingeshika. Mteremko wa Fizi ungefanya mengine. Aliogopa sana, lakini nati hakuikaza tena. Apande peke yake, alijiambia, ashuke peke yake.

Casimir alipokea ufunguo kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo. "Aksanti sana, papa. Iko neno moja nataka nikuambie."

"Utaniambia ukirudi."

Gari lilitoka taratibu, likaenda kama hatua mia mbili, likasimama kando ya ukuta wa kanisa. Isidore alitoka barabarani na spana yake mkononi. Kutoka nyuma ya ukuta walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa Dorothée. Wa pili alikuwa Anastasie, akichechemea, amekumbatia blanketi dogo jipya la mtoto mchanga, bado limekunjwa.

Isidore alisimama palepale. Alingoja aone kijana akimshika mkono.

Lakini Casimir aliruka nje ya gari kama aliyeungua, akavuta kofia mpaka machoni, akaugeukia ukuta. Alisimama hivyo, kichwa chini, kama Isidore mwenyewe asubuhi ile, mpaka Dorothée alipoondoka na Anastasie alipoketi upande wake wa mbao, ndipo akaingia bila kumtazama.

Isidore alianza kukimbia, akiita jina la mke wake, na la kijana, na la Fanny. Gari likawaka ufunguo ulipogeuzwa mara ya kwanza, kama alivyolitengeneza, likashika njia ya mlimani.