Mti wa Ngedere

Msituni mlikuwa na mti mmoja tu wa dawa ya homa, nao ulikuwa wa Ngedere. Haukuwa mmoja kwa bahati mbaya. Kila mvua iliponyesha, Ngedere alizunguka aking'oa miche yake yote, isije ikakua uani kwa mwingine.

Digidigi alifika mbio, mwanawe akitetemeka ubavuni.

"Juzi kipande cha gome kilikuwa kapu moja la mtama. Leo makapu matatu?"

"Dawa ni adimu, mama."

"Nani kaifanya adimu?"

"Unanunua au unahutubia? Mtoto huyo anazidiwa."

Digidigi hakuwa na kapu hata moja. Alikimbilia kichaka cha miiba, mahali ambapo mkono wa Ngedere haukuthubutu kuingia. Alichanika uso, lakini mle ndani aliukuta mche. Akatafuna majani yake, akamlisha mwanawe, akangoja. Jua lilipopanda, mtoto akatoka jasho, akaomba maji.

Misimu ikapita, mche wa miibani ukakua, ukatoa mbegu. Ngedere naye alichuna gome kwa pupa mpaka mti wake ukakauka. Ndipo homa ikamshika. Alijikokota hadi kichakani, meno yakigongana.

"Mama Digidigi, taja bei yoyote."

Digidigi alimtia majani mdomoni, kisha akamwaga mbegu mbele yake.

"Bei yangu ndiyo hiyo. Kazipande kila mahali ulipong'oa. Homa itarudi, nayo haiulizi mtoto wa nani."