Zege la Mwalimu

Sheria haikumbagua mtu: aliyetia saini kwamba zege ni imara, sharti aishi chini yake, yeye na familia yake. Ndiyo maana Dokta Mbonile alihamia nyumba mpya pale Iringa, chini ya dari ya zege jepesi alilolibuni Tunu, mwanafunzi wake, kisha Dokta akauchapisha ubunifu huo kwa jina lake peke yake.

Ila aliiba mapema mno. Alichukua majaribio ya vipande vikavu. Yale ya mvuke Tunu aliyafanya baadaye, akayanyamazia, na vipande vilivyopata mvuke vilivunjika kama biskuti.

Jumapili Tunu alikwenda kuwapongeza kwa nyumba mpya. Mama Sekela, mke wa Dokta, alimkalisha jikoni, akampa kikombe cha chai, birika likifoka mvuke kuelekea darini. Juu ya birika palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Hebu utazame huo ufa, mdogo wangu," alisema mama. "Baba Sekela ananiambia ni rangi tu."

"Ni rangi, na Tunu anajua," Dokta alidakia kutoka sebuleni.

Tunu aliutazama ufa ule. Mama Sekela hakuwa amemkosea lolote.

"Mwalimu hakosei, mama," alisema, akaburuta kigoda chake hadi mlangoni. "Chai yako tamu. Nichemshie nyingine."

Mama Sekela alifurahi. Alilijaza birika pomoni, akalirudisha motoni, akasimama palepale kulisubiri.