Firigisi

Mfumu, mpiga ramli wa kijiji, alimpasua kuku, akamfunua mbawa mbili huku na huku, na mambo ya Eustace yote yakawa peupe juani.

Fomu ya chuo ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kesho padri aliitaka. Ilikuwa na masomo matatu ya kuchagua: ualimu, mifugo na miamba. Hilo la miamba, Baba alisema, ni kazi ya wafungwa, kuponda mawe. Asubuhi alimkamata kuku, akamwamuru Eustace amtemee mate mdomoni, ili kuku ajue anaulizwa habari za nani.

"Naona ng'ombe," mfumu alisema, kidole chake kikifuata vidoa vya ini. "Ng'ombe wengi."

"Bwana mifugo!" Baba alipiga makofi. "Baiskeli ya serikali na kofia! Andika, mwanangu."

Eustace hakusikia. Alikuwa ameiokota firigisi iliyotupwa pembeni. "Na humu, mzee, huwa mnasoma nini?"

"Humo? Changarawe tu."

Aliipasua kwa wembe wake wa kuchongea penseli. Changarawe zikamwagika kiganjani, nyeupe, nyeusi, na moja ya njano iliyong'aa, kubwa kama punje ya mtama. Akaiuma. Haikuvunjika, ilibonyea, ikabaki na alama ya jino.

"Baba, kuku huyu ulimnunua wapi?"

"Kununua?" Baba hakubandua macho kiganjani. "Kaanguliwa jikoni kwa mama yako. Hajawahi kuvuka ua wetu."

Kisha akageuka, akainamisha mgongo, fomu ipate pa kuandikiwa.