Hodi Tatu

Mwinjuma aligongomea godoro la mwisho ukutani, katika chumba cha chini ya nyumba alimorekodia mashairi yake. Akapiga makofi. Mwangwi haukurudi. Hata kelele za mtaani hazikupenya.

"Hapo sasa!" alijisifu, peke yake.

Alipopanda juu, alikuta mlangoni bakuli lililofunikwa kwa kawa alilolijua. Lilikuwa la dada yake, Mashavu, ambaye hakuwa amesemezana naye tangu msiba wa mama yao.

Jirani alikuwa akianika nguo. "Dadako kapiga hodi mara tatu, hukuitika, akaenda zake. Ulikuwa umekufa huko ndani?"

"Nilikuwepo, Mama Shekue. Nilikuwepo!"

Aligusa bakuli, bado lilikuwa moto. Akakikabili kichochoro kitupu, akaita kwa pumzi zake zote, "Karibu!"

Ukuta wa ng'ambo ukamrudishia: karibu.