Kwaheri ya Mkono

Mwalimu Wen alikuwa akirudi kwao China moja kwa moja, na tangu apasuliwe koo hakuwa tena na sauti. Sikudhani, mwanafunzi wake wa zamani wa bweni, alisimama nje ya dirisha la treni asijue amuage vipi.

"Muage basi, dada," Kibwana, aliyesoma naye, alimnong'oneza. "Au unangoja kengele ya uji?"

Hapo Sikudhani akakumbuka. Kichina, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, Mwalimu aliwafundisha kwa mkono hewani: sauti ikipanda, mkono unapanda, ikishuka, unashuka. Siku moja darasa zima, kwa utundu uliopangwa kwa heshima zote, liligoma kufungua kinywa, likajibu kwa mikono tu. Mwalimu naye akafundisha kipindi kizima kimya, akiwanyoosha viwiko.

Kwaheri ya Kichina hushuka mara mbili. Sikudhani akainua mkono, akaushusha, akaushusha tena, kwa uvivu uleule wa zamani.

Mwalimu akakunja uso, akainua kidole: rudia.

Akarudia, safari hii ovyo zaidi. Kidole kikainuka tena. Treni ikaanza kuondoka, naye akatembea kando yake, akiendelea kukosea kwa makusudi.