Nyongeza ya Bi Mwanasiti

Hata kwenye mchezo wa kompyuta, Bi Mwanasiti aliuza mafuta ya vyombo vya anga kama alivyouza nyanya sokoni: akishapima, lazima atie nyongeza. Mteja wake, mtu asiyemjua, alikuwa amekwama kando ya sayari ya kijani.

“Mama, umemwongeza pipa letu la mwisho!” Binti yake Raya akashika kichwa. “Sasa chombo chetu kitarudije nyumbani?”

“Kuuza bila nyongeza, mwanangu, siwezi.”

Chombo cha mteja kiliwaka, kikaondoka bila hata ahsante. Raya akanyoosha mkono azime kompyuta.

“Hebu ngoja,” mama alisema, akicheka.

Mbali gizani, taa ya chombo kile ikageuka. Nyuma yake zikatokea nyingine, na nyingine, zote zikija kwao mbiombio na kamba za kuwavuta nyumbani.